Ofa kwa Mzazi wa Nthambi

Wayua, shangazi yake Titus, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na ni kwa sababu ya sauti hiyo ndugu zake walimpa ashike simu ya Titus.

Walikuwa wamekutana Mitaboni, nyumbani kwa Mzee Muli, babake Titus, kupanga jinsi ya kupeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Kasyoka huko Kola. Bila mbuzi hao, Titus angeweza kuishi na Kasyoka hadi wote wawe na mvi na bado watu wa Kola wangesema binti yao hajaolewa. Jamaa walioko mbali walikuwa wanatuma michango kwa simu ya Titus, na kila ujumbe ulipoingia Wayua aliusoma kwa sauti ili aliyetuma apigiwe makofi hata kama yuko Mombasa. Ndivyo mikutano hiyo huendeshwa, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Simu ikalia tena. Wayua akaiinua, watu wakaweka mikono tayari.

"Mpendwa mzazi wa Nthambi Kiema, Kola! Je, baba anatokwa na mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume? Ondoa wasiwasi! Nepi za watu wazima za KavuSiku zinapatikana Machakos mjini, na wiki hii tuna ofa..."

Alifika kwenye ofa kabla akili yake haijaushika mdomo wake. Mtu mmoja kule nyuma, ambaye hakuwa anasikiliza, akapiga makofi.

Titus aliichukua simu yake polepole. Masikio yalikuwa yanamchoma. "Ni watu wa matangazo tu," akasema. "Hao hutumia kila mtu."

"Lakini wametaja Kiema wa Kola," mama mmoja akanong'ona. "Si huyo ndiye baba ya msichana?"

"Si walisema anaugua mgongo?" mwingine akauliza.

Mzee Muli akakohoa. "Tuendelee. Nani amebaki kutuma?"

Hakuna aliyekumbuka nani amebaki. Wayua alikuwa ameketi, mkono umefunika mdomo, kana kwamba bado kuna kitu kingine kinataka kutoka.

Msomaji wa mbali atasema mtu kuugua si aibu. Ni kweli, si aibu. Lakini hawa ni watu wa nthoni. Titus hajawahi kumshika mkono mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye majani ampishe mwenzake, na huulizana habari wakiangalia pembeni. Hiyo ndiyo heshima, na imewatosha tangu zamani. Kijana wa namna hiyo kusomewa mbele ya ukoo mzima habari za suruali ya baba mkwe wake ni jambo ambalo halina hata mahali pa kuliweka. Na mbuzi walikuwa waende Jumamosi.

Kasyoka alifika Kola kesho yake mchana, kwa pikipiki, bila kupiga simu kwanza. Yeye ni fundi wa nguo mjini Machakos na huwa haachi cherehani yake katikati ya wiki. Mamake, Wavinya, alikuwa jikoni anachagua mahindi ya muthokoi, na alipomwona tu akajua kuna neno.

"Mwaitu, umeambia nani mambo ya baba?"

"Mambo gani?"

"Usinifanye mjinga. Ya hospitali. Ya..." Kasyoka akashindwa kulitaja. "Mitaboni yote wanajua. Imesomwa kwa simu ya Titus, mbele ya ukoo. Dada yake amekuja kwa duka leo kuniuliza kama baba anaendelea vizuri. Ananiuliza huku anaangalia viatu vyake. Mimi nikamwambia mgongo uko sawa. Mgongo! Akanionea huruma, mwaitu. Mimi mtoto wa kwanza wa hii nyumba, naambiwa na watu wa nje."

Wavinya akaweka ungo chini. Tangu mumewe atoke hospitali, alikuwa ameishika siri ile kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Alikuwa ameshona mfuko wa nailoni akalivalisha godoro. Alikuwa amewaambia wanawake wa kanisa ni mgongo, akamwambia mchungaji ni mgongo, akamwambia hata binti yake ni mgongo, hadi siku nyingine naye alijikuta anamuuliza mumewe kama mgongo umelala vizuri.

"Sijaambia mtu," akasema.

"Basi ni nani?"

"Ni wewe tu ulikuwa unajua, Wavinya."

Kiema alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kawaida humwita mkewe mama Kasyoka. Akimtaja jina lake ujue mambo yameharibika. Alikuwa mwanamume mkubwa, mzee wa kanisa, mtu ambaye sauti yake nzito ndiyo ilikuwa inashikilia kwaya upande wa chini. Sasa alikuwa amepungua, amevaa koti refu mchana wa jua kali, na sasa kila mtu wa nyumba ile alijua hilo koti linaficha nini ingawa hakuna aliyesema.

"Uliwaambia akina mama wa kanisa waniombee, sivyo? Sasa maombi yamefika Mitaboni."

"Baba Kasyoka, hiyo maneno sijaitaja hata kwa Mungu kwa sauti."

"Basi ni daktari."

"Daktari anajua Nthambi ni nani?" Kasyoka akasema. "Ujumbe haikuandikwa jina yako peke yake. Imeandikwa mzazi wa Nthambi."

Nyuma ya jiko, sauti ya sufuria iliyokuwa inasuguliwa na jivu ilikoma. Nthambi, mdogo wake Kasyoka, ambaye yuko gredi ya nane na alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo akisema kichwa kinauma, aliingia na mikono myeusi.

"Ni mimi," akasema.

Ikabidi avutwe neno kwa neno. Shule yao ilikuwa imepewa tableti na intaneti na kampuni inayoitwa SomaNasi. Humo ndani kulikuwa na mahali palipoandikwa Uliza Mwalimu. Unaandika swali lolote, na huyo mwalimu wa ndani ya mashine anakujibu. Hacheki, hakuulizi kwa nini unataka kujua, hakuambii umezoea kulala darasani. Nthambi alikuwa amemwandikia hivi: Baba yangu amefanyiwa upasuaji wa tezi dume na mkojo unamtoka. Nitamsaidia namna gani bila yeye kujua kwamba najua?

Mwalimu wa mashine alijibu vizuri, tena kwa upole. Kesho yake picha za nepi zikaanza kutokea pembeni mwa kioo cha Nthambi, katikati ya hesabu za sehemu. Wenzake wakaziona. "Aki Nthambi ako na mtoto! Ulizaa lini?" Dawati zima likacheka, naye akacheka pamoja nao ili yaishe. Hayakuisha. Ndiyo sababu kichwa kilikuwa kinauma.

"Ulijuaje?" Kiema akamuuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nilisoma karatasi yako ya hospitali. Kisha nikakuona unapeleka shuka mtoni. Jua halijatoka. Ulikuwa unafua mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamshuka yakichora mistari kwenye jivu. "Wewe hujawahi kufua, baba."

Kiema akatazama mikono yake, kisha akamtazama mkewe. "Na simu ya Titus imeingia hapo namna gani?"

Swali hilo lilikuwa la Wavinya, na alilijua. Siku ya kuandikisha watoto, shule ilitaka namba ya mzazi iliyo na WhatsApp, ili kazi za nyumbani zitumwe huko. Simu ya Wavinya ni kabambe, ile ya vitufe isiyo na WhatsApp. Ya Kiema pia. Ya Kasyoka ilikuwa imepasuka kioo. Wazazi wengine kwenye foleni walikuwa wanaomba namba za majirani, na Wavinya, mbele ya wanawake wote wa Kola, alisema kwa sauti ya kusikika vizuri: andikeni ya mkwe wangu. Alikuwa amengoja mwaka mzima kupata nafasi ya kulitamka neno hilo.

"Ni mimi nilisema," akasema. "Niliona ni heshima."

Kiema alitikisa kichwa. "Jumamosi sitatoka. Kimanzi apokee hao mbuzi."

"Baba, Uncle Kimanzi si wewe," Kasyoka akasema. "Baba akiwa hai, tena ako ndani ya nyumba, na asitoke, hiyo ni kukataa mbuzi. Watarudi nazo Mitaboni na mimi nitakuwa nimekataliwa na mlango ya kwetu."

"Warudi."

"Baba!"

"Unataka nikae hapo mchana mzima? Mzee Muli ananiangalia uso lakini anafikiria chini? Na ikitokea? Ikitokea hapo kwa kiti, mbele ya wakwe, Kasyoka, wewe utaolewa na nani baada ya hapo?"

Alirudi ndani. Kabla ya kuketi kwenye kiti chake cha plastiki alikipapasa kwa kiganja, na Kasyoka, aliyekuwa anamtazama kupitia mlangoni, alielewa kwa mara ya kwanza kwa nini babake aliacha kukalia sofa.

Ijumaa Wavinya alivaa nguo ya kanisani akaenda shuleni. Ukuta wa ofisi ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kampuni, buluu na machungwa, na juu yake watoto wa kuchorwa walikuwa wanacheka na tableti. Mwalimu mkuu, Bartholomew Kitonga, alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya. Alisikiliza kama mtu anayejua kwamba hana la kufanya.

"Pole sana, mama. Lakini hiyo ni kampuni. Sisi tulipewa tu."

"Ni nani aliwapa jina ya mtoto wangu?"

"Sisi. Bila jina mtoto hawezi ingia. Jina, darasa, simu ya mzazi. Hiyo ni kawaida."

"Na kitu anauliza?"

"Hiyo inakaa kwa mashine."

"Haikukaa, mwalimu. Ilitoka kwa mashine ikaenda kwa muuza nepi, na muuza nepi akaenda Mitaboni."

Kitonga akahema. "Mama, internet ni ghali. Shule hii haiwezi. Hawa watu wanatulipia, na wao wanalipwa na wenye matangazo. Ndiyo njia yao. Hata mimi nikifungua yangu naletewa ya mikopo, naletewa ya dawa ya kuotesha nywele." Akajipapasa upara wake, akitumaini mama atatabasamu.

Mama hakutabasamu.

"Kwa hivyo internet ya hii shule inalipwa na mkojo ya bwana yangu."

Karani aliyekuwa anapiga mihuri kwenye meza ya pembeni akaacha kupiga. Kitonga akasogeza kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

"Unataka nifanye nini, mama Kasyoka?"

"Mtoe mtoto wangu huko."

"Akitoka hatakuwa na tableti. Wenzake wakiulizwa maswali ya huko, yeye atakuwa anaandika kwa daftari peke yake. Ako na akili, Nthambi. Utamrudisha nyuma."

Hilo lilimchoma. Wavinya aliacha shule darasa la sita, na kila mara alipomwona Nthambi ameshika tableti ile alijisikia kama yeye mwenyewe ameirudia shule.

"Aandike kwa daftari," akasema.

Kitonga akafungua kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akakunja uso. "Inataka code. Imetumwa kwa namba ya mzazi." Akamtazama. "Bila hiyo haifungi. Pigia mwenye simu akusomee."

Mwenye simu ni Titus. Wavinya hakuwahi kumpigia Titus maishani mwake. Habari zote zilipita kwa Kasyoka, kama inavyotakiwa. Alifikiria kumpigia Kasyoka ampigie Titus, lakini mwalimu alisema hiyo namba ya siri haikai, ikipitwa na muda inakufa. Akatoa kabambe yake. Mwalimu ndiye aliyemwandikia namba, maana vidole vyake vilikataa.

"Halo?" Nyuma yake palikuwa na kelele za duka la vifaa vya ujenzi, mtu anagonga mabati.

"Ni... ni mama ya Kasyoka."

Kelele zikaisha. Titus alikuwa ametoka nje, au amefunika simu. Kila mmoja alisikia mwenzake akipumua.

"Ndiyo, mama."

"Kuna namba imeingia kwa simu yako. Kutoka shule."

"Imeingia."

Akamsomea. Wavinya akazirudia moja moja kwa sauti, na Kitonga akazibonyeza. Ilikuwa imekwisha. Angeweza kukata simu, na alitaka sana kukata, lakini kijana alikuwa bado hewani.

"Mama, ile message ingine niliifuta. Sikuisoma vizuri. Hata sijui ilikuwa inasema nini."

Alikuwa anadanganya, na wote wawili walijua. Wavinya akamshukuru Mungu kwa uongo ule, akakata simu bila kuaga, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Na yale ameuliza?" akamwuliza mwalimu. "Yamefutika?"

Kitonga alitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Akaunti imefungwa. Lakini yale yalishaenda... kusema ukweli, mama, mimi sijui yako wapi."

Jumamosi Kimanzi, mdogo wake Kiema, alifika mapema na suti ya kukodisha, tayari kuwa baba. Aliwaambia waliopanga viti kwamba ndugu yake ni mgonjwa wa mgongo, na alivyolitamka lile neno mgongo, kila mtu akajua naye ameshasikia.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Mbuzi watatu, wanaume wachache, na wanawake waliobeba viondo vya sukari, unga na mafuta. Titus alikuja mikono mitupu. Simu yake aliiacha Mitaboni, tena ameizima. Kijana wa siku hizi kwenda kwenye ntheo yake bila simu! Ndiyo maana siku ile haina hata picha moja.

Wanaume waliketi uani. Viondo vikapelekwa ndani, ambako mama wa nyumba hutakiwa avitoe vitu kimoja kimoja mbele ya wanawake wa pande zote mbili, ili ijulikane nani ameleta nini. Wavinya akapiga magoti. Akatoa sukari, wakapiga vigelegele. Akatoa unga, vigelegele. Alipofika kiondo cha Wayua, chini ya mafuta ya kupikia mkono wake uligusa kitu chepesi kilichofungwa kwa gazeti. Alipokuwa anakivuta, Wayua akamshika kifundo cha mkono.

"Dada, hiyo usitoe hapa."

Gazeti lilikuwa limechanika pembeni. Palionekana rangi ya kijani, neno KavuSiku, na nusu ya uso wa mzee anayecheka.

Wavinya alihisi damu inapanda hadi kwenye macho. Alitaka kumtupia mama yule kitu chake usoni, mbele ya unga na sukari yake. "Umekuja kunitukana kwangu?" akasema huku ameuma meno.

"Niliisoma kwa hii mdomo yangu," Wayua akanong'ona, na kwa mara ya kwanza maishani mnong'ono wake ulikuwa mnong'ono kweli. "Tangu siku hiyo silali. Mama yangu alikuwa na shida kama hiyo mpaka akakufa, na sisi watoto tulikuwa tunajifanya hatusikii harufu. Hakuna mtu alimnunulia kitu. Jana nikaenda kwa hao watu wa ofa. Kama nimekosea, nirudishie, nitaenda nayo."

Wanawake wengine walikuwa wananyoosha shingo. Wavinya akavuta leso yake, akafunika, akasema kwa sauti kwamba hiyo ni zawadi ya mama na mama, haitolewi hadharani. Wakapiga vigelegele bila kujua wanapigia nini.

Kiema alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda na koti lake. Alipoona kile kitu kilichotoka kwenye leso alikitambua.

"Wamenifuata mpaka kwa kitanda," akasema. Akakipiga teke, kikaingia uvunguni.

Dirisha lilikuwa wazi, na maneno ya uani yaliingia yote. Kimanzi alikuwa anaeleza habari za mgongo, anazirefusha.

"Yuko ndani?" Mzee Muli akauliza.

"Yuko, lakini..."

"Basi tutamngoja."

Wakangoja. Mbuzi mmoja akalia. Mtu akauliza maji ya kunywa. Kisha Mzee Muli akasema, bila hasira, "Mimi sina neno baya. Lakini siwezi kuacha mbuzi kwa nyumba ambayo mwenyewe hajanisikia. Tukikosa sauti yake tutaenda nazo, tuje siku ingine."

Kila mtu alijua siku nyingine maana yake ni nini. Kutoka jikoni kilisikika kitu kikianguka, na sauti ya Nthambi ikisema, "Kasyoka, usilie, Kasyoka."

Kiema alikaa anaitazama sakafu. Wavinya hakumsihi. Alikuwa amemsihi tangu Alhamisi, maneno yalikuwa yameisha.

"Mama Kasyoka," mwishowe akasema. "Funga mlango."

Akaufunga. Kiema akainama mwenyewe, akaingiza mkono uvunguni, akakitoa kile kifurushi. Walijaribu kusoma maelezo, lakini maandishi yalikuwa madogo na miwani ilikuwa sebuleni kwa wageni. Kiema akaishika ile nepi juu chini, akaigeuza, akachoka.

"Lete hapa," Wavinya akasema na kupiga magoti. "Nimefunga watoto wako wawili, nitashindwa na wewe?"

Kiema akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomponyoka, lakini Wavinya hakuwa amekisikia tangu kabla ya hospitali. Akazibana zile gundi za pembeni.

Kiema alipotokea uani watu wote walisimama. Alivua koti lake refu, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mbele akaketi. Hakukipapasa kwanza. Kimanzi alisogea pembeni na suti yake.

"Nimesikia mnataka sauti," Kiema akasema. "Semeni."

Akawasikiliza kwa saa nyingi, na hakuna aliyemharakisha. Alitaka kila mbuzi aletwe mbele, akampapasa mgongo, akasema huyu wa mwisho ni mwembamba, anatembea kama ametoka Mombasa kwa miguu. Mzee Muli akatetea mbuzi wake kwa jasho. Watu wakacheka, soda zikaletwa, na katikati ya kicheko Wavinya alikuwa anatazama suruali ya mumewe tu, hadi macho yakamuuma. Ilibaki kavu. Wayua, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakusema neno siku nzima. Mbuzi walipokelewa wote watatu, na jua lilipoanza kushuka Kasyoka alikuwa ameolewa.

Jumapili baada ya kanisa, ambako bado hakwenda, Kiema alimkuta Nthambi kwenye matuta anachuma mbaazi. Msichana aliposikia hatua zake alizidi kuinama. Hawakuwa wamezungumza tangu Alhamisi.

Kiema akashika tawi, akaanza kuchuma naye. Walichuma mstari mzima.

"Nilivaa ile kitu jana," akasema.

Nthambi akaendelea kuchuma.

"Ilinisaidia. Na bado nina hasira nayo. Watu walikuwa na kitu cha kunisaidia, wakaenda kuambia Mitaboni. Mimi niko hapa Kola, kila siku niko hapa. Kwa nini hawakuniuliza mimi?"

Msichana aligeuza ganda la mbaazi mkononi. Alilipasua, akatoa punje, akazihesabu bila sababu.

"Hata mimi sikukuuliza, baba," akasema.

Kiema akamtazama. Aliona kwamba mtoto huyu ambaye kesho atakaa peke yake na daftari lake, katikati ya wenzake wenye tableti, alikuwa amelibeba lile swali kwa muda mrefu na akalipeleka mahali pekee alipodhani hapatamcheka. Akaona pia kwamba mahali hapo pangekuwa yeye, kama angeacha mlango wazi hata kidogo. Hilo lilimuuma kuliko tangazo.

Akaketi chini kwenye tuta, kwenye udongo, akapiga kiganja mahali palipobaki kando yake. Nthambi akaketi.

"Haya, uliza," akasema.

Nthambi alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alikuwa na maswali mengi, na lile la kwanza lilichelewa kutoka.

"Baba, huwa unasikia uchungu?"

Kiema akafikiria, kama mtu anayeulizwa jambo hilo kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Usiku," akasema. "Kidogo."